Nyota Ilipofunikwa, Sayari Zikaonekana

Mwaka 1995 Michel Mayor na Didier Queloz wa Geneva walitangaza sayari inayoizunguka nyota 51 Pegasi kwa siku nne na kidogo. Walikuwa wamepima jinsi nyota hiyo inavyoyumba ikivutwa na sayari yake. Mbinu hiyo hupenda sayari zilizo karibu na nyota yao, zenye kuvuta kwa nguvu na kumaliza mzunguko upesi. Mshtarii hulizunguka Jua kwa takribani miaka 12, Neptuni kwa 165. Nani angesubiri?

Kwa sayari za mbali ilibaki kuzipiga picha, na hapo kikwazo kilikuwa mng'ao. Kwa mwanga wa kawaida, Jua huishinda Mshtarii kwa takribani mara bilioni moja.

Dawa ilitoka kwa mtu aliyeshughulika na Jua. Mnamo 1930 hivi, Mfaransa Bernard Lyot alitengeneza koronagrafi, darubini yenye kisahani cha kuliziba Jua, ili miale yake ya pembeni ionekane bila kungoja kupatwa. Kisahani kama hicho kingeweza kuiziba nyota pia.

Hata hivyo picha ya kwanza ya sayari ya namna hiyo, ya mwaka 2004, ilipatikana kwa ujanja mwingine. Gaël Chauvin na wenzake, wakitumia darubini kubwa ya Ulaya iliyoko Chile, walielekea 2M1207, gimba hafifu lisilotimia kuwa nyota. Mng'ao wake haukutosha kuificha sayari iliyokuwa kando.

Nyota ya kweli ilihitaji subira. Christian Marois na wenzake waliikazia macho HR 8799 huku wakiiacha anga izunguke mbele ya kamera. Madoa ya mwanga yanayosababishwa na vioo vya darubini hubaki palepale, sayari huhama. Ukiondoa kisichohama, kinachosalia ndicho unachokitafuta. Novemba 2008 walitangaza sayari tatu, na ya nne ikafuata 2010. Nyota hiyo bado changa, hivyo sayari zake zina joto la kuzaliwa na hung'aa kwa miale ya infraredi.

La kuchekesha ni kwamba mmoja wa wenzake Marois, David Lafrenière, alipoichambua upya picha ya 1998 ya darubini ya angani Hubble, aliikuta sayari mojawapo humo. Ilikuwa imelala kwenye hifadhi miaka kumi.

Si kila doa lilidumu. Wiki ileile ya Novemba 2008, wanaastronomia wengine walitangaza sayari kando ya nyota Fomalhaut. Kufikia 2014 Hubble haikuiona tena, na mwaka 2020 András Gáspár na George Rieke wa Arizona wakaandika kwamba yaelekea lilikuwa wingu la vumbi, mabaki ya magimba mawili yaliyogongana.