Uzi, Petroli na Betri: Historia ya Mashine ya Kufyekea Majani

Mashine ya kufyekea kwa uzi ni chombo cha mkono chenye bomba refu, ambacho upande mmoja kina injini au mota, na upande wa pili kina kichwa kinachozungusha kipande cha uzi wa nailoni kwa kasi kubwa hata uzi huo laini ukaweza kukata majani. Swali linalomkabili anayetaka kuinunua leo, kama achukue ya petroli au ya betri, huonekana kuwa swali la bei na nguvu tu, lakini lina historia ya zaidi ya nusu karne nyuma yake. Ukiifuatilia historia hiyo unakuta kwamba kila jibu la swali hilo lilipobadilika, gharama ya kuweka uwanja safi haikuondoka, bali ilihama kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine: kutoka kwenye mgongo wa mfyekaji kwenda kwenye mapafu yake, kisha kwenye masikio ya jirani, na hatimaye kwa watu wasiowahi kuuona uwanja wenyewe.

Kabla ya uzi kulikuwa na kengee. Mwaka 1830 Edwin Budding, fundi wa eneo la Stroud nchini Uingereza, alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, ya mashine ya kukatia ukoka ambayo aliibuni kwa kufuata mfano wa mashine za viwanda vya sufu vya huko kwao, zilizotumia visu vya kuzunguka kunyoa manyoya yaliyosimama juu ya kitambaa. Mashine hiyo na zote zilizotokana nayo zilikuwa na mpaka mmoja usiovukika: zilihitaji uwanja tambarare na nafasi ya kupita. Majani yaliyoota kando ya ukuta, chini ya uzio, kwenye mtaro na kuzunguka shina la mti yaliachwa yakatwe kwa mkasi mkubwa, mundu au panga, na kwa karibu miaka 140 kazi hiyo ya pembezoni ilibaki kuwa kazi ya kuinama na kupiga magoti. Afrika Mashariki, ambako fyekeo lilitumika na bado linatumika kwenye viwanja vya shule, makaburi na kandokando za barabara, mipaka hiyo haikuonekana sana, kwa kuwa chombo kilekile kilichofyeka uwanja ndicho kilichofika hadi kwenye ukuta. Marekani mambo yalikuwa tofauti. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia vitongoji vipya kama Levittown, jimboni New York, vilijengwa kila nyumba ikiwa na ukoka wake, na wakazi wakafungwa na masharti ya kuukata kila wiki katika msimu wake, hivyo kingo za viwanja zikawa suala la heshima ya mwenye nyumba mbele ya majirani.

Katika mazingira hayo ndipo George Ballas, mmiliki wa shule ya kucheza dansi mjini Houston, Texas, alipopata wazo lake mwaka 1971. Nyumba yake ilikuwa na kiwanja kikubwa chenye miti mingi, na tatizo lake lilikuwa kukata majani yaliyozunguka mashina bila kuyajeruhi magome. Siku moja, akiwa ndani ya gari lake katika kituo cha kuoshea magari, alitazama brashi za nailoni zinavyonyooka zinapozunguka, zikiondoa uchafu bila kukwaruza rangi, na zinavyolegea zinaposimama. Alichukua mkebe wa bisi, akautoboa matundu, akapitisha humo vipande vya mshipi wa kuvulia samaki, kisha akaufunga kwenye mashine ya kunyooshea kingo za ukoka iliyokuwa na mota ya kuuzungusha. Mkebe ulipozunguka, mishipi ilikakamaa na kukata majani, lakini ilipogusa mti ilirudi nyuma badala ya kuchimba. Kampuni kadhaa alizozipelekea wazo hilo zililikataa, naye akaamua kuitengeneza mwenyewe kwa jina la Weed Eater. Biashara ilikua haraka hata mwaka 1977 akaiuza kwa kampuni ya Emerson Electric.

Kinachofanya uzi ukate ni mwendo wake, kwani hauna makali yoyote. Kichwa chenye duara la ukataji la sentimita 40, kikizunguka mara 7,000 kwa dakika, huipitisha ncha ya uzi kwa kasi ya zaidi ya mita 140 kwa sekunde, na bua la jani hukatika kwa kupigwa kabla halijapata muda wa kupinda. Ndiyo maana mfyekaji mzoefu hakati kwa katikati ya uzi bali kwa ncha, na ndiyo maana uzi huliwa na kuta na mawe, ukahitaji kuongezwa mara kwa mara. Ikumbukwe pia kwamba ulaini ambao Ballas aliutafuta kwa ajili ya miti yake una kikomo: uzi ukirudiarudia kulipiga shina la mche mchanga, huvua gome kulizunguka, na mche hufa.

Mashine za mwanzo zilikuwa za aina mbili, za petroli na za umeme wa waya, na kwa mtu mwenye ua mdogo ile ya waya ilitosha. Kwa mtu aliyefyeka kwa kulipwa, akihama nyumba hadi nyumba na barabara hadi barabara, waya haukufaa kabisa, na chaguo lake likawa injini ya mapigo mawili. Hiyo ni injini ambayo pistoni yake hukamilisha kazi kwa kupanda mara moja na kushuka mara moja, tofauti na ile ya mapigo manne ambayo hupanda mara mbili na kushuka mara mbili. Haina vali wala bakuli la oili. Oili huchanganywa na petroli yenyewe, mara nyingi lita moja kwa lita 50, ikalainisha vyuma inapopita na kuungua pamoja na mafuta. Kwa sababu hiyo injini huwa nyepesi, na kwa kuwa kabureta yake hutumia utando badala ya boya la kuelea, hufanya kazi hata ikigeuzwa ubavu, jambo ambalo watengenezaji wa misumeno ya kukatia miti walikuwa wamekwisha kulihitaji na kulipata. Lakini wepesi huo ulilipiwa. Katika injini ya aina hii mchanganyiko mpya huingia kwenye silinda wakati moshi wa zamani bado unatoka, na sehemu kubwa ya petroli, pengine robo au zaidi, hutoka nje kwenye ekzosi bila kuungua. Mtu wa kwanza kuivuta hewa hiyo ni yule aliyeibeba mashine.

Malalamiko yaliyobadilisha sheria, hata hivyo, hayakuanzia kwa mfyekaji. Yalianzia kwa majirani, na yalielekezwa kwanza kwa ndugu wa mashine hii, yaani mashine ya kupulizia majani makavu, inayotumia injini ya aina hiyohiyo. Mji mdogo wa Carmel, California, uliipiga marufuku mwaka 1975 kwa sababu ya kelele. Los Angeles ilipofuata katika miaka ya 1990 kwa kuzuia zile za petroli karibu na makazi ya watu, mgogoro uliozuka ulifichua jambo ambalo wapenda utulivu hawakutaka sana kulitazama: bustani za jiji hilo zilikuwa zimetunzwa kwa miongo kadhaa na Wamarekani wenye asili ya Japani, ambao wengi wao walishika kazi hiyo baada ya kutoka kwenye kambi walizofungiwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na baadaye zikatunzwa na wahamiaji kutoka Mexico na Amerika ya Kati, waliolipwa kwa idadi ya nyumba walizomaliza kwa siku. Kumnyang'anya mtu wa namna hiyo mashine bila kumwongezea ujira kulikuwa ni kumrudisha kwenye ufagio kwa malipo yaleyale. Mwanzoni mwa 1998 kundi la watunza bustani hao lilifanya mgomo wa kula kwenye ukumbi wa jiji, na ingawa marufuku ilibaki kwenye vitabu vya sheria, mashine za petroli ziliendelea kusikika mitaani kwa miaka mingi. Mgomo huo unastahili nafasi katika historia hii kuliko hataza nyingi, kwa kuwa uliuliza wazi ni nani atakayelipia hewa safi.

Wakati huo betri haikuwa jibu. Betri za nikeli na kadimiamu zilizotumika kwenye zana za mkono zilikuwa nzito na ziliisha mapema, na hesabu yenyewe inaeleza sababu: kilo moja ya petroli hubeba takribani kilowati-saa 12 za nishati, ilhali betri za kawaida za lithiamu za leo hubeba karibu kilowati-saa 0.2 kwa kilo. Pengo hilo, la mara hamsini na zaidi, ndilo lililoilinda petroli. Kilichopunguza makali yake ni kwamba injini ndogo ya mapigo mawili hupoteza zaidi ya nne kwa tano ya nishati yake kama joto, mtikisiko na petroli isiyoungua, huku mota ya umeme ikitumia sehemu kubwa ya kile inachopewa, tena ikizima kabisa mfyekaji anapoachia kitufe ili ahamie upande mwingine. Betri za lithiamu, zilizoanza kuuzwa na Sony mwaka 1991 kwa vifaa vidogo vya elektroniki, ziliingia kwenye zana za ufundi katikati ya miaka ya 2000, na muongo mmoja baadaye mashine za volti 40 na 56 zilikuwa zikifyeka ua wa nyumba ya kawaida kwa chaji moja.

Hapo ndipo serikali ya California, ambayo bodi yake ya hewa ilikuwa imeweka viwango vya moshi wa injini ndogo tangu mwaka 1990, ilipoona inaweza kwenda mbele zaidi. Sheria iliyotiwa saini Oktoba 2021 iliiagiza bodi hiyo kukomesha uuzaji wa mashine mpya za bustani zenye injini za aina hiyo, na kanuni iliyotungwa ililenga mashine za kuanzia mwaka 2024, bila kuwakataza watu kutumia walizokwisha kuwa nazo. Safari hii zilitengwa dola milioni 30 za kuwasaidia watunza bustani wadogo kubadilisha vifaa. Fedha hizo zilikuwa ni kukiri kwa serikali kwamba swali la 1998 lilikuwa la haki, ingawa hazikulimaliza. Mwenye nyumba anayefyeka nusu saa kwa wiki hapotezi chochote kwa kuchagua betri. Anaepuka kuchanganya oili, kubadilisha plagi na kuhangaika na kabureta iliyoziba kwa petroli iliyolala. Mtu anayefyeka saa nane kwa siku anahitaji betri kadhaa, chaja na mahali pa kuchajia, na gharama hiyo huilipa mwanzoni, kabla hajapata ujira wowote. Faida anayoipata nayo si ndogo, kwa sababu mtikisiko wa injini, ukiendelea kwa miaka, huharibu mishipa ya damu na ya fahamu ya vidole hata vikafa ganzi na kugeuka vyeupe kwenye baridi.

Mnyororo wa gharama haukuishia California. Betri nyingi za lithiamu huhitaji kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia huchimbwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hasa katika ukanda wa Kolwezi na Likasi, ambako Kiswahili ndicho lugha ya mtaani na ya mashimoni. Katika mtaa wa Kasulo mjini Kolwezi wakazi walichimba mashimo ndani ya nyua na hata chini ya sakafu za nyumba zao baada ya madini hayo kugunduliwa humo mwaka 2014, na wengi walishuka bila nguzo za kuzuia udongo. John Goodenough, ambaye mwaka 1980 huko Oxford aliongoza utafiti ulioonyesha thamani ya kobalti katika betri, alishiriki pia, akiwa Texas katika miaka ya 1990, kugundua betri ya chuma na fosfati isiyohitaji kobalti hata kidogo. Betri hiyo haishiki moto kwa urahisi na huvumilia kuchajiwa mara nyingi zaidi, lakini kwa uzito uleule hubeba nishati pungufu, kwa hiyo anayeichagua kwa ajili ya mchimbaji wa Kolwezi humwongezea mfyekaji uzito begani. Watengenezaji wanaoiuza mashine ikiwa na mkanda mpana na betri ya kubebwa mgongoni wameanza kuugawa uzito huo kwa namna anayoweza kuimudu mtu anayefyeka kutwa nzima.