Ukifungiwa mlango nyumbani, kuna bumarangi

Juzi nikiwa cafe, mshikaji wa kiti cha jirani kaniuliza: "Kaka, kijijini kwetu tumeandika barua tatu kuhusu ardhi, ofisi haijibu. Nikiwaandikia watu wa nje itasaidia kweli, au napoteza hela ya nusu saa tu?" Kumbe wapo wasomi walioshalichunguza swali hilo, nikaona niliweke hapa tufaidike wote.

Wa kuanza nao ni Margaret Keck na Kathryn Sikkink wa Marekani. Kitabu chao, Activists Beyond Borders, kilitoka 1998. Wanasema hivi: wananchi wasiposikilizwa na serikali yao, hutafuta wenzao nje ya mipaka. Hao nao huzibana serikali zao na mashirika ya kimataifa, na mbano ule unarudi kwa serikali iliyoziba masikio. Wakauita bumarangi, ile fimbo ya wenyeji wa Australia ambayo ukiirusha inazunguka na kukurudia.

Mbinu walizozitaja ni nne:
1. Habari: kupeleka taarifa sahihi, haraka, pale zitakapofanya kazi.
2. Ishara: picha au tukio ambalo kila mtu analielewa.
3. Kubana: kumpata mwenye nguvu, mfano anayetoa msaada au mkopo.
4. Kudai ahadi: "Mlisaini wenyewe, sasa tekelezeni."

Mfano ni Argentina. Jeshi lilipindua serikali Machi 1976, watu wakaanza kupotezwa. Mwaka 1977 akina mama wakaanza kukusanyika kwenye uwanja wa Plaza de Mayo, Buenos Aires, wakiulizia watoto wao. Baadaye wakavaa vitambaa vyeupe kichwani, hiyo ndo ishara. Habari zikatoka nje, Marekani ikabana msaada wa kijeshi, na Septemba 1979 tume ya haki za binadamu ya nchi za Amerika ikaenda kuchunguza papo hapo. Kufikia 1980 idadi ya watu wapya waliopotezwa ilikuwa imeshuka sana. Jeshi liliachia madaraka 1983.

Lakini siyo kila fimbo inarudi vizuri. Kitabu hichohicho kinaeleza Kenya ya miaka ya 1920, wamisionari walipopiga vita ukeketaji kwa Wakikuyu. Mwaka 1929 waumini walitakiwa kuukana. Wengi wakaona ni ukoloni unaingia mpaka chumbani, wakahama na kuanzisha makanisa na shule zao. Mila ikageuka kuwa bendera ya kudai uhuru. Kampeni ilianzia nje, ikagonga mwamba.

Msomi mwingine, Clifford Bob, kwenye The Marketing of Rebellion cha 2005, anauliza kwa nini kilio kimoja kinasikika na kingine hakisikiki. Anawataja Waogoni wa Nigeria. Ken Saro-Wiwa na wenzake walipozungumzia haki za kabila dogo, mashirika ya nje hayakuwasikiliza sana. Walipokazia uchafuzi wa mafuta na kampuni ya Shell, dunia ikageuka. Yaani wa nje nao wana ajenda zao, na mara nyingi anayesikika ni mwenye lugha na mawasiliano, siyo lazima mwenye shida kubwa kuliko wote.

Na hata dunia ikikusikia, haina maana uko salama. Tarehe 10 Novemba 1995 Saro-Wiwa na wenzake 8 walinyongwa. Nigeria ilisimamishwa Jumuiya ya Madola, lakini wao walishakufa.

Basi nikamjibu mshikaji: andika, lakini kwanza kaeni na wazee mkubaliane mnadai nini. Kusanyeni tarehe, nakala za barua na majina ya waliokubali kutajwa. Asiyekubali mwacheni, maana hatari inabaki kijijini, siyo kwa anayesoma barua pepe Ulaya. Kisha jiulizeni: huyo anayewaziba masikio, anamwogopa nani?

Nawakilisha. Wenye uzoefu tupeni darasa hapo chini.