Robo Saa ya Kahawa: Habari za Birika la Ofisini

Katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki muuza kahawa hupita jioni na dele lake la shaba, makaa yakiwaka chini yake, huku akigonganisha vikombe mkononi ili watu wa barazani wajue kuwa amefika. Anayekunywa hunywa katika wakati wake mwenyewe. Hapana wa kumwuliza amekaa barazani muda gani, wala kahawa ile ni mali ya nani, maana senti zimetoka mfukoni mwake. Kahawa ya ofisini ina habari nyingine. Hiyo hunywewa ndani ya wakati uliokwisha kuuzwa, juu ya meza ya mtu mwingine, kutoka katika birika ambalo aghalabu halina mwenyewe. Kwa sababu hiyo kila kitu kilichoongezwa kando ya birika hilo, tangu kikombe hata kichujio, kimeletwa na ugomvi fulani.

Ugomvi mmoja ulifika mahakamani. Mjini Denver, katika jimbo la Colorado nchini Marekani, palikuwa na kiwanda cha kufuma tai kilichoitwa Los Wigwam Weavers, mali ya Phil Greinetz. Tai zake zilikuwa za nakshi nyingi, zikitaka jicho kali na vidole vyepesi. Vita Kuu ya Pili ilipowachukua vijana waliokuwa wakizifuma, Greinetz aliajiri wanaume wazee, akaona kuwa vidole vyao haviiwezi tena kazi ile. Akaajiri wanawake wa makamo. Hao nakshi waliziweza, lakini siku nzima mbele ya kitanda cha mfumi iliwachosha kupita kiasi. Akawakusanya, akawataka shauri. Wao ndio waliosema wapewe robo saa asubuhi na robo saa alasiri, pamoja na kahawa au chai.

Jambo likawa kama walivyosema. Wanawake wale wakawa wakitoa kwa saa sita na nusu kazi iliyokuwa ikitolewa na wazee kwa saa nane. Greinetz alipoona hivyo akayafanya mapumziko kuwa ni lazima kwa wote. Asilolifanya ni kuyalipia. Nusu saa ya kila siku ikaondolewa katika hesabu ya mshahara, na Wizara ya Kazi ya Marekani ikamshitaki kwa kuvunja sheria ya mishahara na saa za kazi ya mwaka 1938. Utetezi wake haukuwa wa kipumbavu. Alisema kuwa muda ule ni wa wafanyakazi wenyewe, waufanyie wapendavyo. Na mtu hawezi kulipia muda ambao hakufanyiwa kazi.

Mwaka 1956 mahakama ya rufani ilimkatalia. Kwa kuwa mapumziko hayo yaliongeza wepesi wa kazi na wingi wa mazao, mahakama ilisema, yalimfaa mwajiri kama yalivyomfaa mwajiriwa, basi hayana budi kuhesabiwa kuwa ni saa za kazi. Ushahidi uliomshinda Greinetz ulikuwa ni mafanikio yake mwenyewe: laiti kahawa isingaliongeza tai, yamkini angalishinda. Kesi hiyo imetajwa katika kanuni za wizara, ambazo husema kuwa mapumziko mafupi ya tangu dakika 5 hata 20 hivi ni wakati wa kulipwa. Sheria ile ya taifa haimlazimishi mwajiri kuyatoa. Humlazimisha kuyalipa akiisha kuyatoa.

Jina lenyewe la mapumziko ya kahawa halikuenezwa na wafumaji wa Denver. Mwaka 1952 chama cha nchi za Amerika ya Kusini na ya Kati zinazolima kahawa, kiitwacho Pan-American Coffee Bureau, kilianza kutangaza katika magazeti na redio kwamba kila mfanyakazi ajipatie mapumziko yake pamoja na kikombe. Desturi ilikuwapo kabla ya hapo, lakini sasa ilipata jina la kuitwa na watu wa kuisemea. Si mara ya kwanza muuzaji kumfundisha mnunuzi kwamba amechoka.

Mahakama ilipokwisha kusema kuwa robo saa ile ni ya kulipwa, tajiri alipata sababu mpya ya kuitazama pembe ya kahawa. Karani anayeshuka ghorofa sita kwenda mkahawani anatumia robo saa njiani, na nyingine kunywa. Afadhali kahawa imfuate. Tayari mwaka 1947 kampuni ya Rudd-Melikian ya Philadelphia ilikuwa imetoa mashine iliyoitwa Kwik Kafe, iliyopokea sarafu na kumwaga kahawa ya moto katika kikombe cha karatasi kwa sekunde chache. Kasi ilikuwa ndiyo sifa yake. Utamu wake ni habari nyingine.

Kikombe hicho cha karatasi hakikuzaliwa kwa ajili ya kahawa. Mwanzoni mwa karne ya ishirini watu wa Marekani walikuwa wakinywa maji ya shuleni, ya stesheni na ya ofisini kwa kata moja ya bati iliyofungwa mnyororo, mgonjwa na mzima kinywa kwa kinywa. Mwanasheria wa Boston, Lawrence Luellen, alibuni kikombe cha karatasi cha kutumiwa mara moja katika mwaka 1907. Mwaka uliofuata Profesa Alvin Davison wa chuo cha Lafayette alitangaza uchunguzi wake juu ya vijidudu vilivyokuwamo katika vikombe vya shule, na mwaka 1909 Samuel Crumbine, mkuu wa afya wa jimbo la Kansas, akapata kata ya watu wote ipigwe marufuku. Vikombe vya Luellen, vilivyokwisha kuitwa vya afya, vilipewa jina la Dixie mwaka 1919. Kumbe kikombe ambacho leo hulaumiwa kwa kujaza majalala kiliingia ofisini kama dawa.

Kichujio kina asili ya unyenyekevu zaidi. Mwanamke wa mjini Dresden, Ujerumani, Melitta Bentz, alichoshwa na machicha yaliyobaki kinywani kila anywapo kahawa. Akachukua chombo cha shaba nyeupe, akakitoboa kitako kwa msumari, akatandika ndani yake karatasi ya kukaushia wino aliyoichana katika daftari la shule la mwanawe, kisha akamwaga maji ya moto juu ya unga wa kahawa. Ilikuwa mwaka 1908, na mwaka huo huo aliandikisha uvumbuzi wake mjini Berlin na kufungua kampuni. Hata hivyo ofisi nyingi ziliendelea kwa miaka mingi kutumia birika lile la Kimarekani ambalo maji yanayochemka hupandishwa kwa mrija na kumwagika juu ya kahawa, yakashuka, yakapanda tena, hata kinywaji kikawa kichungu cha kukunja uso. Ilikuwa mwaka 1972 ndipo Vincent Marotta na Samuel Glazer wa Cleveland walipotoa mashine ya Mr. Coffee, iliyochuja kahawa kwa karatasi, nyumbani, kama zilivyokuwa zikichuja mashine kubwa za mikahawani.

Mashine ya kuchuja iliondoa machicha ikaleta shida mpya: birika la kioo lililowekwa juu ya sahani ya moto. Kahawa ikikaa hapo saa moja huungua. Dawa yake ilikuwapo siku nyingi. Chupa ya kuta mbili zisizo na hewa kati yake ilitengenezwa na mwanasayansi James Dewar mwaka 1892 kwa ajili ya kuhifadhia hewa zilizogeuzwa maji kwa baridi. Yeye hakuiandikisha, na Reinhold Burger, fundi wa vioo wa Berlin, ndiye aliyeifanya biashara chini ya jina la Thermos mwaka 1904. Dewar alishitaki akashindwa. Katika Afrika Mashariki chupa hiyo haihitaji kuelezwa: ni chupa ya chai, na ofisi isiyo nayo ni haba.

Lakini hapana chombo kinachoweza kuondoa kero iliyo kubwa kuliko zote, nayo ni kulikuta birika tupu. Katika chuo kikuu cha Cambridge, Uingereza, watafiti wa maabara ya kompyuta walikuwa na mashine moja tu ya kahawa, nje kidogo ya chumba kilichoitwa Trojan Room. Waliokaa chumbani humo walisikia harufu wakawa wa kwanza. Waliokaa ghorofa nyingine walishuka ngazi, wakafika, wakakuta masalio. Hii ilikuwa dhuluma ndogo, lakini ilirudi kila siku, na watu hawa walikuwa na ujuzi. Mwaka 1991 Quentin Stafford-Fraser na Paul Jardetzky walielekeza kamera kwenye birika, wakaiunganisha na kompyuta, wakaandika programu iliyoonyesha picha ndogo isiyo na rangi, ikibadilishwa mara chache kwa dakika, katika kompyuta ya kila mtafiti. Picha ilikuwa hafifu. Lakini kujua kama birika lina kitu au halina hakutaki picha nzuri.

Mwaka 1993 wenzao Daniel Gordon na Martyn Johnson waliitoa picha hiyo kwa ulimwengu mzima kwa njia ya intaneti. Watu wa mabara ya mbali, ambao wasingeweza kamwe kunywa tone la kahawa ile, wakawa wakilitazama birika likijaa na kupungua. Kamera ilizimwa tarehe 22 Agosti 2001 maabara ilipokuwa ikihama. Mashine yenyewe, iliyokuwa imeharibika, iliuzwa kwa mnada kwa pauni 3,350, ikanunuliwa na gazeti la Ujerumani, Spiegel Online. Na waliounda mashine hiyo, Krups, wakaitengeneza ikachuja tena.

Wakati kamera ile ikiendelea kutazama, huko Massachusetts John Sylvan alikuwa amekwisha kuchoka na kahawa iliyolala ya ofisini. Pamoja na Peter Dragone alianzisha kampuni ya Keurig mwaka 1992, na mwaka 1998 mashine zao zikaanza kuuzwa, kwanza kwa maofisi: kila mtu na kijikopo chake cha plastiki, kikombe kimoja kwa wakati mmoja, pasi na birika la shirika. Ugomvi wa nani amelimaliza ukafa pamoja na birika. Yalibaki makopo. Mwaka 2015 Sylvan, aliyekuwa ameuza sehemu yake katika kampuni hiyo miaka mingi nyuma, alimwambia mwandishi wa habari kwamba mara nyingine hujuta kwa kuvibuni vijikopo vile. Alisema pia kuwa yeye mwenyewe hana mashine hiyo: ni ghali kuitumia, na kahawa ya kuchuja si kazi ngumu kuitengeneza.