Sindano za Spoku

Mtu aliyelala Tukuyu usiku mmoja tu katika mwezi wa Juni au Julai hahitaji kuelezwa kwa nini wanawake wa Rungwe wanafuma masweta. Ukungu hushuka kutoka Mlima Rungwe, wenye urefu wa karibu meta 2,960, ukaingia mpaka jikoni. Mvua nayo kwetu haina adabu ya kusubiri msimu. Mchuma chai wa Katumba huondoka nyumbani alfajiri majani yakiwa bado yanadondosha maji. Katika nchi kama hii sweta halikuwa pambo kamwe.

Hata hivyo, masweta hayakuwa nasi tangu zamani. Wazee wa wazee wetu waliishi katika baridi hii hii bila uzi wa sufu. Wasafiri wa kwanza kutoka Ulaya, akiwemo Joseph Thomson aliyepita huku mwaka 1879, walikuta watu waliovaa kidogo sana. Wanawake walivaa magome ya miti yaliyopondwa yakalainika, na pete kubwa za shaba zilizungushwa viunoni. Joto lilitoka kwenye moto na kwenye ng'ombe waliolala ndani ya nyumba pamoja na watu. Lakini asidhani mtu kwamba mikono yao haikujua kazi. Walisuka mikeka, walijenga nyumba za mianzi zilizowashangaza wageni kwa unadhifu, na wanawake wa Kikisi kando ya Ziwa Nyasa walifinyanga vyungu vilivyopanda milima yetu vikiwa vichwani. Kwa hiyo sindano ilipofika, ilikuta vidole vilivyokwisha kufundishwa.

Ilifika na wamisionari. Mwaka 1891 Wamoravian walianzisha kituo chao Rungwe, na katika mwaka huo huo Wamisionari wa Berlin nao waliingia nchi ya Wanyakyusa. Wamoravian walikuwa na historia ndefu ya kazi za mikono. Huko Bethlehem, Pennsylvania, shule yao ya wasichana iliyoanza mwaka 1742 ilisifika kwa kudarizi, na akina dada wa mji huo ndio walioidarizi bendera ya Jenerali Pulaski mwaka 1778, wakati wa vita vya uhuru wa Marekani. Watu wa namna hiyo wasingeweza kufungua kituo wakasahau sindano. Kwao kushona kulikwenda pamoja na kusoma, maana aliyebatizwa alitakiwa avae, na aliyevaa alitakiwa ajue kushona kilichochanika.

Hapa pana jambo la kufikiri. Sindano ilikuja na nguo, na nguo ilikuja na aibu ya mwili ambayo bibi zetu hawakuwa nayo. Pia ilikuja na mgawanyo mpya: msichana afume, mvulana ashike randa na msumeno. Katika shule nilizosoma mimi miaka ya 1950 na 1960 jambo hilo halikuulizwa na mtu. Sikuliuliza hata chuoni nilipofundishwa ualimu. Tulifundishwa kwamba kufuma ni kazi ya wanawake, nasi tukaenda kufundisha hivyo hivyo.

Laiti tungesoma zaidi. Kuna soksi za pamba zilizofumwa Misri, za rangi ya buluu na nyeupe, ambazo zimehifadhiwa katika majumba ya makumbusho, na umri wake unahesabiwa kwa mamia ya miaka. Katika miji ya Ulaya ya zamani vyama vya wafumaji vilikuwa vya wanaume, na kijana alifanya kazi chini ya fundi kwa miaka kadhaa kabla ya kuitwa fundi yeye mwenyewe. Mashine ya kwanza ya kufuma soksi ilibuniwa Uingereza mwaka 1589 na William Lee, ambaye alikuwa kasisi. Wala hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Lamu wanaume huketi barazani wakidarizi kofia, tobo baada ya tobo, na hakuna anayewacheka. Matema, chini tu ya milima yetu, mvuvi hukaa mchangani akishona wavu wake uliochanika. Kazi ile ina uzi, ina kifaa cha kupitishia uzi, na ina macho yanayohesabu vitundu. Tofauti yake na sweta ni kwamba sweta hushika joto, wavu hushika samaki.

Mama yangu alijifunza kufuma kwa wanawake wenzake wa kanisani. Sindano zake zilikuwa spoku mbili za baiskeli, ambazo baba alizikata, akazinoa ncha kwenye jiwe na kuzifunga vifundo vya kitambaa nyuma ili vitanzi visidondoke. Hakujua kusoma ila jina lake, lakini alihesabu vitanzi mia na zaidi huku akizungumza na wageni, na hakupotea hata kimoja. Nilipokuwa mwalimu wa hesabu nilimkumbuka mara nyingi. Kufuma ni hesabu: ukipunguza vitanzi visivyo sawa kwapani, mkono mmoja wa sweta utakuwa mfupi, wala huwezi kumdanganya mvaaji.

Mwaka 1967 lilikuja Azimio la Arusha, na mwezi Machi mwaka huo huo Mwalimu Nyerere akatoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Shule zikawa na mashamba, mifugo na karakana. Wasichana walishona na kufuma katika sayansi kimu, na Umoja wa Wanawake wa Tanzania, ulioanzishwa mwaka 1962, ulihimiza kazi za mikono vijijini. Vitambaa vya kroshia vikaenea juu ya makochi na redio, na mashuka yakadariziwa maua na maneno ya kumtakia mtu usiku mwema. Watu wa mjini walisema ni kazi za kupotezea wakati. Walisahau kwamba mwanamke aliyekuwa shambani tangu alfajiri hakuwa na saa nyingine ya kuketi ila hiyo ya sindano. Alipumzika huku akifanya kazi, kwa sababu kupumzika bila kufanya kitu angeonekana mvivu.

Sasa nifike mahali ambapo kalamu yangu huwa nzito. Ilikuwa mwaka 1983, miaka ya shida. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, vita vya Kagera vilikuwa vimekula akiba ya taifa, na madukani hapakuwa na sabuni, sembuse uzi. Mimi nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, kijana bado, mwenye kujiona mlinzi wa nidhamu. Siku moja nikiwa darasa la sita nilimkuta mvulana akifuma chini ya dawati. Wenzake wakacheka. Nilimnyang'anya, nikachomoa sindano, nikavuta uzi. Mtu asiyewahi kufumua sweta hajui jinsi linavyofumuka upesi. Kazi ya siku nyingi iliisha kwa dakika chache mbele ya darasa zima. Mvulana hakulia. Aliinama, akaokota uzi sakafuni na kuanza kuukunja taratibu kuwa donge, kwa sababu uzi ulikuwa adimu na hakutaka uchafuke.

Jioni nilimsimulia mke wangu, nikitarajia anisifu. Alikuwa na sindano mkononi, akaziweka chini. Akasema, "Mwalimu, mama yake yule ana mkono unaomsumbua. Yeye hufuma kifua na mgongo, mtoto humalizia mikono. Ndiyo daftari zake hizo." Hakusema zaidi. Usiku ule alichukua sweta lake la kijani, la pekee alilokuwa nalo, akalifumua, akaukunja uzi na kunikabidhi. Kulipokucha niliupeleka mwenyewe. Yule mama aliupokea kwa mikono miwili, akasema, "Ndaga, mwalimu," akarudi ndani.

Nilipeleka uzi nyumbani, lakini darasani sikusema neno. Niliogopa kwamba mwalimu mkuu akiomba radhi mbele ya watoto atapoteza heshima. Nimekuwa mwalimu miaka mingi baada ya siku ile, na leo naamini kwamba somo moja ambalo darasa lile lilistahili kupata kwangu ndilo nililowanyima.

Mwaka uliofuata, 1984, serikali ilianza kulegeza masharti ya kuingiza bidhaa, na mitumba ikamiminika. Sweta la Ulaya likauzwa kwa bei ambayo mfumaji wa Rungwe hakuweza kuishindania. Wengi walidhani huo ndio mwisho wa sindano. Lakini wanawake wetu walifanya jambo ambalo sikulitegemea: walinunua masweta ya mitumba yaliyotoboka, wakayafumua, wakaufua uzi na kuukausha, kisha wakafuma upya ya watoto. Baadaye zikaja mashine za kufuma masweta ya shule, nazo zikachukua sehemu yake. Iliyobaki mikononi ni ile kazi ambayo mashine haiijali: kofia na soksi za mtoto mchanga, sweta la mzee asiyepata saizi yake sokoni, kitambaa cha meza cha kumpa bibi harusi.

Je, hiyo ni kazi au ni burudani? Vijana huniuliza hivyo wanapomwona mke wangu barazani. Nami huwajibu kwamba Rungwe mpaka huo haukuwahi kuchorwa. Mama yangu alifuma kwa sababu kulikuwa na baridi, na alifurahi kwa sababu lilikuwa likikua mkononi mwake jambo alilolipanga mwenyewe. Siku yake nyingine yote ilipangwa na mvua, na mume, na watoto.

Siku hizi mimi ni mstaafu. Jioni mke wangu hunipa kazi ya kushika uzi: nanyoosha mikono yote miwili, ananizungushia, naye anakunja donge. Macho yake yamepungua nguvu, kwa hiyo mwaka jana nilimwomba anifundishe ili nimsaidie mikono ya sweta. Vidole vyangu ni vigumu na vitanzi vyangu havilingani. Mjukuu wetu wa kiume huketi karibu, akitazama. Juzi aliniomba nimtafutie spoku mbili. Nimeshazinoa.