Cheti na Jaribio: Kupima Ujuzi katika Uwanda wa Kati, kutoka Kongwa hadi Dodoma

Swali la kama kampuni ndogo ya Dodoma idai shahada kwa waandaaji programu, yaani watu wanaoandika maagizo yanayoiendesha kompyuta, lina historia ndefu kuliko kompyuta zenyewe. Uwanda wa kati ulikwisha kulikabili mwaka 1947, Serikali ya Uingereza ilipoanzisha mradi wa karanga Kongwa kwa kutegemea taarifa ya ujumbe wa John Wakefield, mkurugenzi wa zamani wa kilimo Tanganyika, uliokagua ardhi kwa wiki chache tu mwaka 1946. Wataalamu hao walipanga ekari zaidi ya milioni 3, lakini ukame wa eneo hilo, ambao wenyeji waliuzoea, pamoja na udongo unaokakamaa wakati wa kiangazi, viliushinda mradi, ukafutwa mwaka 1951. Wakati huohuo, madereva wengi waliofundishwa papo hapo kwa muda mfupi walikabidhiwa mitambo mizito, na matrekta mengi yakasimama kwa kuharibika. Msomi na dereva wote walipewa kazi kubwa kabla ya kujaribiwa kwa kazi ndogo.

Ufundi wa mikono ulipata jawabu lililo bora katika majaribio ya ufundi, mitihani ya vitendo iliyompandisha fundi kutoka daraja la tatu hadi la kwanza. Seremala alipewa mbao, mchoro na muda, kisha msahihishaji akakagua viungo na kuweka skwea kwenye pembe. Hata aliyejifunzia gereji au chini ya mwembe aliweza kupata cheti kinachoheshimika. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, imeendeleza wazo hilo kwa kurasimisha ujuzi, yaani kumpima na kumtambua fundi aliyejifunza kazini.

Uandaaji programu haukupita njia hiyo. Mwaka 1974, baada ya mfumo wa kompyuta wa hesabu za Hazina kuleta hasara, Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, hivyo kazi hiyo haikupata mafundi wa mitaani wa kurithishana, na ilipoenea ilikuja zaidi kupitia vyuo. Dodoma ilipata Chuo Kikuu chake mwaka 2007, kikiwa na ndaki, yaani kitengo kikuu cha chuo, ya elimu ya kompyuta; uamuzi wa mwaka 2016 wa kuhamishia Serikali huko ukaleta wizara na taasisi ambazo kwa kampuni nyingi ndogo ndizo mteja mkubwa. Muundo wa utumishi wa umma humtaka Afisa TEHAMA, yaani afisa wa teknolojia ya habari na mawasiliano, awe na shahada, na nyaraka za zabuni huuliza sifa za wataalamu wa mzabuni, kwa hiyo mwajiri mwenye watu watano hudai shahada ili kampuni yake ipite mchujo.

Shahada ina thamani yake, hasa katika hisabati na upangaji wa hifadhidata, yaani maghala ya taarifa. Lakini mwajiri huyo angejua mengi zaidi kwa kumpa mwombaji mfumo unaorekodi malipo ya namba moja ya kumbukumbu mara mbili, kumwachia siku nzima autengeneze, kisha kumtaka aeleze kosa lilikuwa wapi na kwa nini halitarudi.