Kupinda Mkwaju wa Tii

Kupinda mkwaju wa tii ni ustadi wa kuufanya mpira wa gofu upinde hewani kwa makusudi, na kwa kiasi alichokitaka mchezaji, anapopiga mkwaju wa kwanza wa shimo kutoka kwenye tii, yaani mahali shimo linapoanzia. Kwa anayecheza kwa mkono wa kulia, mpira unaoanzia kulia kidogo ukarudi kushoto huitwa droo, na unaoanzia kushoto ukarudi kulia ni fedi. Kwa mashoto mambo hugeuka. Droo ikizidi huwa huki, fedi ikizidi huwa slaisi, na slaisi ndiyo inayowasumbua wengi wanaoanza mchezo huu.

Mpira hupinda kwa sababu unazunguka. Mwaka 1672 Isaac Newton aliandika kwamba alikuwa ameona mpira wa tenisi ukipinda baada ya kupigwa kwa raketi iliyoinama. Miaka ya 1890 profesa wa Edinburgh, Peter Guthrie Tait, alionyesha kuwa mpira wa gofu hukaa hewani muda mrefu kwa kuwa unazunguka kinyumenyume. Alikuwa na sababu ya kulijali jambo hilo: mwanawe Freddie alitwaa ubingwa wa ridhaa wa Uingereza mwaka 1896 na 1898. Mhimili wa mzunguko ukiwa mlalo, mpira hupanda na kunyooka. Ukiinamia upande mmoja, mpira nao hufuata upande huo.

Kinachouinamisha mhimili ni tofauti kati ya mambo mawili: uso wa fimbo ulikoelekea na njia ambayo fimbo yenyewe inapita, pale inapokutana na mpira kwa muda wa takriban nusu ya elfu moja ya sekunde. Kwa miaka mingi makocha walifundisha kuwa mpira huanza safari kwa kufuata njia ya fimbo, kisha huishia uso ulikoelekea. Ushauri wao ulikuwa mwepesi kukumbuka: elekeza uso kwenye shabaha, geuza miguu pembeni, piga. Rada zilipoanza kutumika viwanjani, hasa zile za kampuni ya TrackMan iliyoanzishwa Denmark mwaka 2003, ilidhihirika kuwa mpira huanzia karibu sana na uso ulikoelekea. Kwa draiva, fimbo ndefu ya mkwaju wa kwanza, uso huamua zaidi ya robo tatu ya mwelekeo huo wa mwanzo. Mafunzo ya zamani yaliwapoteza watu wengi wenye bidii, waliofuata maelekezo sawasawa na bado wakaona mpira ukiishia vichakani.

Tuchukue mfano wa fedi. Njia ya fimbo ikielekea nyuzi nne kushoto mwa shabaha, uso unatakiwa uelekee nyuzi mbili hivi kushoto: mpira utaanzia kushoto, kisha utarudi katikati. Uso ukiachwa utazame shabaha yenyewe, kama ilivyofundishwa zamani, mpira utaanza karibu moja kwa moja na kuangukia kulia, mbali na ulikokusudiwa. Uso wa draiva, tofauti na fimbo fupi ambazo uso wake umelala, unakaribia kusimama wima, kwa hiyo hata nyuzi chache za tofauti huuinamisha mhimili sana. Ndiyo maana mchezaji yuleyule hupiga fimbo fupi zikanyooka, lakini akisimama kwenye tii mpira unamtoroka.

Mwenye slaisi ana mtego wake. Anauona mpira ukienda kulia, anageuza miguu na mabega kushoto ili ajilinde, na kwa kufanya hivyo njia ya fimbo nayo inazidi kwenda kushoto. Tofauti kati ya njia na uso inaongezeka, na mpira unapinda kuliko mwanzo. Dawa huanza na mshiko: mkono wa kushoto ukizungushwa kidogo kuelekea kulia juu ya mpini, uso hujifunga kwa urahisi zaidi. Njia hurekebishwa baadaye, kwa sababu mtu ambaye mipira yake yote inaishia kulia hana ujasiri wa kuipitisha fimbo kutoka ndani kwenda nje.

Mahali mpira unapogusa uso wa fimbo napo pana uzito wake. Ukigongwa na ncha ya draiva, kichwa hujipindua kwa nyuma na kuuzungusha mpira kinyume chake, kama gurudumu lenye meno linavyolizungusha jenzake, na mpira hupinda kushoto. Ukigongwa upande wa kisigino hupinda kulia. Watengenezaji huufanya uso wa draiva ubenuke kidogo ili mpira wa ncha uanzie kulia kabla ya kurudi. Kwa hiyo si kila mpira uliopinda ni kosa la mikono. Kabla ya kubadilisha chochote, mchezaji apulize poda nyeupe ya miguu kwenye uso wa fimbo, apige mipira kadhaa, na aangalie alama zimekaa wapi.

Baada ya hapo ndipo mazoezi yenyewe yanapoanza. Kijiti huchomekwa ardhini hatua kadhaa mbele ya tii, kwenye mstari wa shabaha. Anayejifunza fedi anaupitisha mpira kushoto mwa kijiti, na haangalii unakoangukia mpaka aweze kuupitisha upande huo kila mara. Zoezi hili linachosha, na wengi huliacha mapema, lakini ndilo linalofundisha kuutawala uso. Kiasi cha kupinda kinafuata kwa kusogeza miguu kidogo kidogo.

Waliofika juu kabisa kwa kawaida hutegemea umbo moja. Ben Hogan wa Marekani aliteswa na huki hadi miaka ya 1940, akabadilisha mshiko, akajenga fedi, na kushinda US Open mara nne kati ya 1948 na 1953. Jack Nicklaus, mwenye mataji 18 makubwa, aliipenda fedi. Dustin Johnson aliiacha droo ya draiva na kuhamia fedi akiwa tayari mchezaji mkubwa, kisha akatwaa mashindano ya Masters ya 2020 kwa mikwaju 268, rekodi ya mashindano hayo. Mchezaji anayejua mpira wake hauendi kushoto anaweza kulenga ukingo wa kushoto wa feawei, njia ya nyasi fupi, na kuutumia upana wote uliobaki.

Uwanja nao una matakwa yake. Shimo la 13 la Augusta, uwanja wa Masters, linakunja kushoto, kijito kikiwa upande huohuo, na linamdai mtu wa mkono wa kulia droo ndefu. Mashoto hulifikia kwa fedi, na kati ya Masters 12 za 2003 hadi 2014, sita zilichukuliwa na mashoto: Mike Weir, Phil Mickelson mara tatu na Bubba Watson mara mbili. Shimo la 18, kinyume chake, linakunja kulia na kudai fedi, mashimo ya mchanga yakiwa kwenye kona ya kushoto.

Afrika Mashariki, hewa yenyewe hubadilisha hesabu. Nairobi, ambako Seve Ballesteros alishinda Kenya Open mwaka 1978, iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban moja ya sita. Huko Nairobi mpira huenda mbali zaidi na kupinda kidogo, hivyo fedi iliyozoeleka kwenye viwanja vyake vya Muthaiga au Karen huwa pana zaidi ikipigwa Nyali au Vipingo, pwani. Huko pwani kuna upepo pia. Kusi au kaskazi ikivuma usoni mwa mchezaji, mpira hukutana na hewa kwa kasi kubwa zaidi na kila kosa la mhimili hukuzwa. Ikivuma kutoka kulia, fedi husukumana nayo na mpira huenda karibu moja kwa moja, ukipoteza umbali, ilhali droo hubebwa kushoto kuliko ilivyotarajiwa. Anayetoka bara kwenda kucheza pwani inafaa apige mipira ya mazoezi kwanza, aone umbo lake limepanuka kiasi gani, ndipo achague pa kulenga kwenye tii ya kwanza.