Muhuri na Sauti: Historia Fupi ya Kibali cha Makaa ya Mawe, Mui na Lamu

1. Utangulizi

Katika 1 Wafalme 21, shamba la mizabibu la Nabothi linachukuliwa kwa utaratibu uliokamilika machoni pa watu. Barua ziliandikwa, zikatiwa muhuri wa mfalme. Wazee wa mji wakakusanyika. Mashahidi wawili wakasimama mbele ya watu. Hakikupungua kitu katika utaratibu huo ila haki yenyewe. Makala hii inakusudia kueleza, kwa mifano miwili ya Kenya, jinsi sheria za nyakati zetu zilivyojaribu kuuzuia muhuri usitangulie sauti ya watu, na jambo hilo linamhusu vipi mtumishi wa usharika.

2. Asili ya tathmini

Kwa muda mrefu desturi ilikuwa kwamba mwenye mtaji na mwenye mamlaka hupatana kwanza, na mwananchi hupata habari mitambo ikiwa imekwisha kufika. Badiliko kubwa lilianzia Marekani. Tarehe 1 Januari 1970 Rais Richard Nixon alitia sahihi sheria iliyozitaka idara za serikali kuu kueleza kwa maandishi, kabla ya kuamua, madhara ya kila mradi mkubwa kwa mazingira pamoja na njia nyingine zinazowezekana. Mwaka 1992 mkutano wa Rio de Janeiro uliweka katika tamko lake mambo mawili: tathmini ya athari kwa mazingira, na haki ya raia kupata habari na kushiriki katika maamuzi. Kenya ilitunga sheria yake ya mazingira mwaka 1999, na Tanzania ikatunga ya kwake mwaka 2004.

Kanuni za Kenya za mwaka 2003 zinaeleza jambo hili waziwazi. Mwenye mradi alipaswa kubandika matangazo mahali pa hadhara, kutangaza magazetini kwa majuma mawili mfululizo na redioni kwa lugha rasmi na ya wenyeji, na kufanya mikutano isiyopungua mitatu na watakaoathirika. Maoni yaliyotolewa kwa mdomo yalipaswa kuandikwa na kutafsiriwa. Kwa hiyo bibi asiyejua kusoma alihesabiwa na sheria kuwa msemaji halali.

3. Bonde la Mui

Katika bonde la Mui, Kitui, kuna akiba ya makaa ya mawe, na mwishoni mwa mwaka 2013 serikali ilitiliana mkataba na kampuni ya Fenxi ya China kuhusu sehemu ya bonde hilo. Wenyeji walikwenda Mahakama Kuu wakilalamika kwamba hawakushirikishwa ipasavyo. Hukumu ilitolewa mwaka 2015, na ombi lao likakataliwa.

Hata hivyo, hukumu hiyo iliacha urithi. Mahakama ilifafanua ushirikishwaji wa kweli ni upi: watu wapewe habari za kutosha, makundi mbalimbali yatafutwe kwa makusudi, yasingojwe yajitokeze, na wale watakaoathirika zaidi wasikilizwe zaidi. Pia ilikumbusha kwamba haki ya kusikilizwa si haki ya kila mtu kushinda. Fundisho hilo ni zito kwa pande zote mbili.

4. Lamu

Mwaka 2016 mamlaka ya mazingira ya Kenya, NEMA, iliipa kampuni ya Amu Power leseni ya kujenga huko Kwasasi, Lamu, kituo cha umeme cha megawati 1,050. Mpango ulikuwa kuanza kwa makaa ya kutoka nje, na baadaye kutumia ya Mui. Hivyo hatima ya mgodi na hatima ya kituo zilifungamana. Mji wa kale wa Lamu uko katika orodha ya urithi wa dunia tangu 2001, na wavuvi wa visiwa vile huishi kwa bahari.

Shirika la Save Lamu na wenyeji kadhaa walikata rufaa mbele ya baraza la kitaifa la rufaa za mazingira. Tarehe 26 Juni 2019 baraza liliifuta leseni. Halikusema kwamba umeme hauhitajiki, wala kwamba makaa yamepigwa marufuku. Lilisema kwamba mikutano iliyotajwa ilikuwa ya utangulizi, iliyofanyika kabla ya uchunguzi wenyewe, hata watu hawakuwa na matokeo ya kuyajadili. Lilifananisha ushirikishwaji na pumzi: ripoti iliyoukosa ni kama mtoto aliyezaliwa mfu, hata ikiwa nene na yenye kupendeza. Aidha, sheria ya mwaka 2016 kuhusu mabadiliko ya tabianchi haikuzingatiwa. Kampuni iliambiwa kwamba ikitaka kuendelea, ifanye tathmini mpya kwa kufuata sheria.

5. Hitimisho

Mambo haya si ya wanasheria peke yao. Mkutano wa mradi unapoitishwa, mchungaji huombwa autangaze baada ya ibada, kisha aufungue kwa sala. Jina lake huingia katika orodha ya waliohudhuria, na orodha hiyo hufungwa nyuma ya ripoti kuwa ushahidi kwamba watu walishirikishwa. Yafaa basi kuuliza mapema: Je, uchunguzi umekamilika, au tunaitwa kusikia ahadi tu? Je, matokeo yameelezwa kwa lugha ya watu? Je, watakaohamishwa wamesema, na maneno yao yameandikwa kama walivyoyasema?

Mchungaji si lazima awe mpinzani wa mradi, wala mtetezi wake. Ajira na umeme ni mahitaji halisi ya washarika wetu. Lakini asipouliza maswali hayo, sala yake yaweza kuhesabiwa kuwa muhuri mmoja zaidi juu ya karatasi ambayo wenye shamba hawajaisoma.